Mikono Miwili ya Kushoto

Nyumbani walimwita Gusagusa, na jina lilimkaa. Alianza ususi, akauacha siku alipomuunguza mteja sikio. Akaenda kuoka mikate, siku moja mikate ikaungua yote, naye akavua aproni. Mchagua jembe si mkulima, mama yake alisema mpaka akachoka. Miaka thelathini na miwili, hajui aelekee wapi! Dada yake, muuguzi, aliijua kazi yake tangu darasa la nne na hakugeuka nyuma. Leo saa sita angempitia na fomu ya chuo cha uuguzi, maana nafasi zilikuwa zinafungwa leo hii.

Saa nne, katika karakana ya fundi cherehani aliyekuwa akimfundisha mwezi wa tano sasa, Gusagusa aliona alichofanya. Koti la mteja wa kesho lilikuwa na mikono miwili, yote ya kushoto. Alikata bila kukunja kitambaa, na kitambaa chenyewe kilikuwa na uso na mgongo, hakigeuziki.

"Kimebaki kipande gani?" fundi aliuliza, pini mdomoni.

"Hakitoshi mkono."

"Sikukuuliza kama kinatosha."

Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto, akautazama mlango. Miguu yake ilizijua njia za kutokea. Ila chaki ilikuwa mkononi bado. Akapiga magoti sakafuni, akazungusha karatasi ya kukatia mkono huku na huku juu ya kipande kilichobaki. Kila mara kitambaa kilipungua vidole vitatu, palepale kwapani.

Kwapani! Nani hukagua kwapa la koti? Hapo angeunga kipande kutoka ule mkono wa kushoto uliozidi.

Dada alimkuta bado amepiga magoti.

"Umeharibu?"

"Nimeharibu, dada."

"Basi twende, mdogo wangu. Wewe ukiharibu si huwa unaondoka?"

"Ndiyo, huwa naondoka." Lakini hakunyanyuka. "Kazi yako nzuri, dada, ila ni yako. Hapa kuna mkono wa kulia haujakatwa, na nataka kuukata mimi."

Tangu wakiwa wadogo, dada hakuwahi kumsikia akisema nataka. Akaitia fomu mkobani, akavua viatu, akapiga magoti upande wa pili.

"Nishike wapi?"

"Hapo. Kaza, kisiteleze."

Gusagusa akaigeuza karatasi ya kukatia iwe ya mkono wa kulia, akahakikisha mara mbili, kisha akachukua mkasi.