Hali Shwari Kinamasini

Ramani ilibandikwa ukutani, maeneo saba yamezungushiwa wino wa kijani. Matatu tu ndiyo yangepata ulinzi kwa miaka mitano ijayo. Mlinzi wa kinamasi alikaa kiti cha nyuma, kofia magotini. Zilibaki wiki mbili astaafu, na kinamasi kisipochaguliwa, hakuna ambaye angeletwa kushika nafasi yake.

Katibu wa kamati akafungua faili.

"Kinamasi. Ripoti za miaka kumi na minane. Kila mwezi: hali shwari."

"Mzee, ulikuwa unalinda au unauchapa usingizi?" mjumbe mmoja, mwenye machimbo ya kokoto, akadakia. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Shwari kwa sababu mitego naitoa mwenyewe," mlinzi akasema. "Wakichimba mifereji ya kukausha maji, naifukia mwenyewe."

"Sasa mbona hukuandika?" katibu akauliza.

Aliandika. Mwaka wake wa kwanza, kabla ya hiyo kumi na minane, alijaza kurasa mbili, mbele na nyuma, akasubiri. Hakuja mtu wala jibu. Tangu hapo akawa anaandika maneno mawili na kurudi zake kwenye matete. Lakini hayo si ya kuwaeleza watu wanaotazama saa; akaigeuza kofia magotini.

"Sahihi ni yako, baba," katibu akasema kwa upole. "Sisi tunachagua penye hatari zaidi. Kwako hakuna hatari."

Pini tatu zikachomekwa. Kinamasi hakikupata.

Wiki mbili baadaye alirudisha kofia, buti, baiskeli na koleo la kufukia mifereji. Nyumbani kulikuwa na viti viwili, chake na cha marehemu mkewe. Uani nguo zake zilining'inia kwenye nyaya za mitego aliyoing'oa miaka yote ile. Alikaa hapo siku tatu. Ya nne akaondoka kwa miguu kwenda kinamasini.

Alikuta mitego minne. Mmoja ulikuwa umenasa korongo, shingo imelala majini, mwili bado una joto. Akamfungua, akamlaza pakavu. Kwenye koti kulikuwa na fomu ya ripoti iliyosahaulika. Akaandika yote: mitego minne, korongo mmoja, mfereji mpya upande wa mashariki. Akatia sahihi.

Akasimama nayo mkononi, asijue ampelekee nani. Mwisho akairudisha mfukoni, akapiga magoti, akaanza kufukia mfereji kwa mikono.