Shubiri Moja Juu ya Jukwaa

Damian alikuwa anapanga viti katika ukumbi wa Hallunda, huku ughaibuni, wakati Severin, kwenye mazoezi ya mwisho ya mchezo wa kuigiza, alipomwambia Gaudiosa, aliyeigiza mkewe, "Mke wangu, nimerudi." Gaudiosa akainuka kutoka sakafuni kama shubiri moja, akabaki hapo mpaka mazoezi yakaisha.

"Dada, ukipanda usizibe taa," alisema Mueni, Mkamba aliyekuwa akiuongoza mchezo. Taa ikasogezwa.

Mume wa ndoa wa Gaudiosa alikuwa Damian. Kuanzia Bukoba kwao hadi Fittja walikohamia, miguu ya mkewe haikuwahi kuacha sakafu kwa ajili yake.

Siku ya mchezo wanawake walilia, wakapiga vigelegele. Baada ya hapo, Gaudiosa akienda kununua maziwa, watu walimuuliza, "Mumeo Severin hajambo?" Damian yuko hapo hapo, kabeba mfuko. Watu wetu ndivyo walivyo: mkioana jukwaani, mmeoana.

Damian akaenda Tumba, alikokaa Severin, kumwonya. Mlango ukafunguliwa na Mswidi aliyevaa kandambili.

"Huyu ni Bengt," Severin alisema. "Tunaishi pamoja. Karibu kahawa, shemeji."

Kitanda kilikuwa kimoja. Damian alikunywa vikombe viwili, akatoka na moyo mweupe. Kwenye basi moyo ukachafuka tena. Mtu asiyemtaka kabisa Gaudiosa anamnyanyua, na yeye mumewe anayemtaka hawezi!

Akamwambia jirani yao Paskalia habari za Bengt, maana ukimwambia Paskalia umewaambia wote.

Onyesho la pili Severin alisema maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Gaudiosa akapanda shubiri mbili. Ukumbi ukacheka.

"Mwongo huyo! Kamwambie Bengt!" Paskalia alipaza sauti. "Mapenzi gani hayo? Mimi sidanganyiki."

Gaudiosa alikuwa bado yuko juu. Hakuna aliyemtazama miguu.

Mueni akampa Damian nafasi ya mume, kwa kuwa ana mke na watoto watatu. Severin akawekwa kuvuta pazia.

Onyesho la tatu Damian hakukosea hata neno. Gaudiosa alisimama wima sakafuni tangu mwanzo hadi mwisho, na vigelegele vikatikisa madirisha.

"Leo tumeona mwanamume!" alisema Paskalia. "Mapenzi ya kweli hayajifichi."

Waliporudi nyumbani, Gaudiosa alianza kumenya viazi. Damian akasimama nyuma yake. "Mke wangu, nimerudi," alisema taratibu, huku akiinamisha macho kutazama miguu ya mkewe.

"Umesema vizuri, watu wamependa," Gaudiosa alimjibu. "Hebu sogea, nifikie sinki."