Mkono wa Nani Ukutani

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe 15 Juni 1967, pale turubai lilipovutwa kutoka ukuta wa ofisi mpya ya kijiji na bibi Abshiro akacheka kabla mkubwa wa Nairobi hajamaliza kupiga makofi.

Hicho walichokiita kijiji kilikuwa zizi. Kilizungushiwa senyenge na lango moja, kilikuwa na bomba moja la maji, na ndani yake walijazwa wafugaji waliokuwa wakihamia popote mvua iliponyesha. Bwana D.O., ofisa wa wilaya, alikuwa mtu wa bara, kijana mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na yeye alikiita kijiji cha usalama. Alipenda sana kusema neno hilo. Alilisema hata wakati maiti inapita.

Jama aliingia humo mwezi wa pili bila mke. Asubuhi ya kuhamishwa askari waliwaambia watu wavunje nyumba zao kabla ya adhuhuri, kwa kuwa nyumba itakayobaki nje itachomwa, ili mashifta, wale waasi wenye bunduki, wasipate pa kujificha. Mkewe Maka alikuwa na homa siku ya tatu. Hata hivyo aliamka, akafungua kamba, akakunja mikeka, akazitoa zile fito zilizopindwa moja moja, akampakia ngamia kama alivyompakia tangu alipoolewa. Jama alimwomba sajini wampeleke kwenye lori la wagonjwa. Sajini akamwambia lori ni la magunia. Maka alikufa barabarani, Garissa ikiwa bado mbali, na alizikwa upesi kwa sababu msafara ulikuwa haungoji.

Nyumba yake ilifika salama. Hicho ndicho serikali ilichofaulu kukifikisha.

Sasa, kwa watu wa Jama, Wasomali wafugaji, nyumba ni ya mwanamke. Yeye huzikata fito zake, huisuka mikeka yake, huisimamisha na kuivunja. Mwanamume hashiki kamba ya nyumba, kama vile hashiki mtoto mchanga mbele ya wageni. Akifiwa, dada zake au shemeji zake huja kumjengea. Lakini dada za Jama walikuwa wametiwa kwenye zizi jingine ng'ambo ya mto, na kibali cha kwenda huko kilihitaji sababu. Jama alipoitaja sababu yake karani wa ofisi aliinama akacheka. "Mzee mzima, huwezi kusimamisha kibanda?"

Alilala nje kwa majuma mengi. Kisha Ijumaa moja, wanaume wakiwa msikitini na wanawake wakiwa kwenye foleni ya bomba, Jama aliacha swala, akapiga goti la kushoto, akashika ncha ya kamba kwa meno na kuanza kufunga fito za marehemu. Alizifunga kinyume. Hakujua kuwa alizifunga kinyume, maana miaka yote aliyokaa ndani ya nyumba ile hakuwahi kuangalia kamba inaelekea wapi.

Alipogeuka alimkuta mwanawe, Ahmednoor, amesimama langoni mwa ua.

"Hujaona kitu," Jama alisema.

"Sijaona, aabo."

Uongo mtupu. Kijana huyo alikuwa amekaa miaka mitatu kwenye chuo kikuu kule Kampala akifundishwa kuona, na si jambo jingine. Wenzake walikwenda kusomea udaktari na sheria. Yeye alirudi likizo ya kwanza na vijiti vya mkaa mfukoni akisema anasomea sanaa. Jama alimuuliza mkaa huo ni wa kupikia nini. Akaambiwa ni wa kuchorea. Akaambiwa vilevile kwamba huko chuoni mtu huajiriwa akae kwenye kiti, asifanye lolote, na vijana wenye akili humzunguka kuanzia asubuhi wakimchora bega.

"Na bega hilo mkishalichora?"

"Mwalimu analifuta, aabo. Anasema tazama tena."

Jama alimhurumia sana mwalimu huyo. Lakini Maka alicheka, akamwambia mwanawe amalize, maana aliyeanza kusuka mkeka hauachi katikati ukafumuka. Kwa hiyo sasa, Maka akiwa chini ya mawe kando ya barabara, Jama alikuwa na haja moja tu duniani: kijana amalize. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja. Ahmednoor alikuja kwa ajili ya matanga, langoni wakamwingiza bila swali lolote, na alipotaka kutoka wakamwambia hapa hatoki mtu bila kibali. Masomo yalikuwa yakifunguliwa Julai.

D.O. aliposikia kuna msomi wa kuchora ndani ya senyenge yake alimwita. Mkubwa kutoka Nairobi alikuwa anakuja kufungua ofisi, na ukuta ulikuwa mtupu.

"Nataka furaha," alisema. "Mbele kabisa, wanaume wanajenga nyumba mpya. Nyuma, wanawake wanachota maji. Wote wanacheka."

"Bwana, kwetu wanaume hawajengi nyumba."

"Kwenu ni wapi? Kwenu ni Kenya. Kenya wanaume wanajenga."

"Na kibali changu?"

"Chora kwanza. Chifu aweke kidole, mimi nigonge mhuri. Kazi ya dakika moja."

Chifu alikuwa Korane. Alikuwa mtu wa kawaida tu mpaka serikali ilipompa kofia, na tangu hapo shingo yake haikupinda tena. Kila siku kiti chake kiliwekwa mbele ya ukuta ule, akakaa, akatazama lango. Ahmednoor alipanda juu ya pipa na rangi zake, zile zile za kupaka malori, na akahitaji uso. Kule chuoni walimkataza kubuni uso. Walimwambia amtafute mtu aliyetulia. Katika kijiji kizima, kati ya foleni ya maji na foleni ya kuhesabiwa, mtu pekee aliyekaa ametulia bila kazi alikuwa chifu.

Tena mwenyewe aliomba. "Adeer," alimwambia kijana, kama ami na mtoto wa nduguye wanavyoitana, "nitie na mimi. Unitie mbele, mkubwa anione."

"Utakuwa mbele, adeer."

Akamtia mbele. Walimfundisha kutazama, wale walimu wake, hawakumfundisha atatazamwa na nani.

Basi turubai likavutwa. Mwanamume mkubwa kuliko wote, mbele kabisa, alikuwa amepiga goti chini akifunga nyumba, na uso wake ulikuwa wa Chifu Korane, kofia na yote.

"Korane!" bibi Abshiro akapaza sauti. "Ukimaliza hiyo njoo unisimamishie na yangu, imeinama!"

"Aje na mikeka yake!" mwanamke mwingine akadakia.

"Tazameni, jamani, na kamba anaifunga kinyume! Nani alimuoza huyu bila kumfunza?"

Wanawake wakashikana mabega. Wanaume wakajifunika midomo kwa ncha za vilemba, lakini matumbo yao yalitikisika.

"Wanasema nini?" D.O. akamuuliza mkalimani.

"Wamefurahi, bwana."

D.O. akampigia mkubwa makofi. Mkubwa akawapigia watu makofi. Walikuwa wamesimama katikati ya kicheko wasichokielewa, nyuso zao zinang'aa kama masufuria, na pengine walidhani ndiyo utawala.

Korane hakucheka. Alinyanyuka kitini akamwendea Ahmednoor, akasema polepole kila mtu asikie, "Umenifanya mwanamke mbele ya watu. Kidole changu sikiweki kwenye karatasi yako. Utazeeka humu."

Jama alikuwa nyuma, kwenye vumbi. Yeye uso wa Korane haukumshughulisha. Alikuwa anatazama goti la kushoto. Alikuwa anatazama ncha ya kamba iliyobanwa kwa meno, na mgongo ule ulioinama kwa namna ya mtu asiyetaka kuonekana, na fundo lile, lililofungwa kinyume. Kijana alihitaji mwanamume anayejenga, na katika maisha yake yote alikuwa amemwona mmoja tu.

Angeweza kunyamaza. Uso ulikuwa wa mwingine, na aibu pia ilikuwa imeshapata mwenyewe.

Akatembea mpaka ukutani.

"Korane," alisema kwa Kisomali, "uso ni wako, uliuomba. Kazi hii si yako. Goti hili ni langu. Mikono hii ni yangu. Mimi nilijenga nyumba, Ijumaa, mkiwa msikitini. Kama mnacheka, nichekeni mimi, halafu mtoto mumwekee kidole aende akamalize."

Hakuna aliyecheka. Bibi Abshiro alivuta shungi lake likafunika mdomo, akaangalia chini. Alikuwa jirani wa Jama, na alikuwa ameiona nyumba ile ikisimama upande upande, akaamua kutouliza imesimamishwa na nani.

Korane alirudi kwenye kiti chake. "Kaa, Jama," alisema. "Unajidhalilisha."

"Anasema nini mzee?" D.O. akauliza.

Mkalimani akamtazama chifu kwanza. "Ana... anashukuru, bwana."

"Hapana," Jama akasema, sasa kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi hapana shukuru. Bwana, ile mkono ni yangu. Mke yangu alikufa kwa barabara yenu. Nyinyi mlileta askari. Mlileta senyenge. Mlileta bomba, mlileta mtu ya kupaka ukuta. Kwa hiyo nyumba ya mtu amefiwa njiani, mlileta nani ajenge?"

Mkubwa wa Nairobi alimtazama D.O. D.O. akatazama saa yake.

"Swali zuri, mzee," alisema. "Litajibiwa kwa maandishi."

Kesho yake ukuta ulipakwa chokaa. Julai ikaingia, chuo kikafunguliwa huko Kampala, na kidole cha Korane kikaendelea kuwa kikavu. D.O. alisema hawezi kugonga mhuri pasipo kidole. Korane alisema hawezi kuweka kidole mpaka D.O. amwamuru, na hapo wote wawili walipumzika, kila mmoja chini ya kivuli cha mwenzake. Ahmednoor alikaa mlangoni pa nyumba ya mama yake akichora mgongo wa baba, akiufuta, akitazama tena.

Bibi Abshiro alikuja siku moja mchana kweupe, bila kuitwa, akafungua mafundo yote na kuyafunga inavyopaswa. Alipomaliza akaenda zake, na Jama hakumshukuru.

Chokaa ya serikali ilikuwa nyepesi. Jua lilipopiga ukuta goti lilionekana, kisha kamba, kisha mikono. Na kila siku mikono hiyo ilipotokeza, Jama alikwenda kusimama dirishani pa ofisi, akabisha kwenye kioo kwa kidole kimoja, akamuuliza D.O. aliyejifanya anaandika:

"Bwana, ile nyumba, mlileta nani ajenge?"