Manjano ya Mzee Nukta

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, tiketi ya kazi iliingia kwenye kompyuta ya Fundi. Ilisema: "Mandhari ya rangi haifanyi kazi kwenye mashine ya Jirani. Mstari mmoja unaonekana." Fundi alimaliza chai yake kwanza, kwa sababu chai hupoa na tiketi haipoi. Kisha akasogeza kiti hatua mbili hadi meza ya pili, kwa yule mwenzake ambaye jina la Jirani alilipata kwa sababu ya hatua hizo hizo mbili.

Ofisi yao iliandika programu ya hospitali kuu ya mji, ile inayopanga foleni za upasuaji. Walikuwa watu saba, meza saba na dirisha moja kubwa linaloangalia barabara. Wote walitumia kihariri kimoja, yaani programu ya kuandikia programu nyingine, na wote walilazimika kutumia mandhari moja ya rangi, mpangilio unaoamua kila kitu kwenye skrini kiwe na rangi gani. Iliitwa Safi, na aliyeibuni ni Bosi mwenyewe. Katika msimbo wowote, yaani maandishi ya programu, kuna maagizo, ambayo mashine huyatekeleza, na kuna maelezo, ambayo mashine huyaruka kwa kuwa yameandikwa ili binadamu wasomeane. Sasa, siku moja wageni walitembelea ofisi, na mmoja wao akauliza mbona kwenye skrini kuna maneno mengi hivyo, kwani hawa watu wanaandika programu au wanaandikiana barua. Bosi aliona haya. Kesho yake aliamuru maelezo yote yapakwe rangi ile ile iliyo nyuma yake, nyeupe juu ya nyeupe. Hayakufutwa. Yalikaa palepale bila kuonekana, na msimbo ukabaki na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. Wageni waliofuata waliusifu sana usafi ule.

Kwenye skrini ya Jirani mapengo yote yalikuwa mahali pake isipokuwa moja. Juu ya mstari wa mia tatu na kumi na mbili palikuwa na maelezo yenye rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Yalisema hivi: "Mstari unaofuata unamrudisha nyuma nafasi ishirini kila mgonjwa wa bondeni, kila Jumatatu saa mbili na dakika kumi. Nimeagizwa kwa mdomo. Nimekataa mara mbili, ya tatu nimeandika. Atakayesoma hapa aufute."

"Mzee Nukta," alisema Jirani.

"Ndiye," alisema Fundi.

Hapakuhitajika saini. Mzee Nukta ndiye aliyeuandika msimbo ule tangu mwanzo, na ndiye peke yake aliyemaliza maelezo yake yote kwa nukta, hata yawe ya neno moja. Bosi alipochoshwa na ubishi wake alimwambia akapumzike. Kwa hilo tu Mzee hakubisha: alipumzika miezi miwili, kisha akafa.

Fundi aliyasoma maneno yale mara ya pili. Yeye mwenyewe alizaliwa bondeni, si mlimani kwa wenye fedha, na bado alilala huko, ngazi mia na kumi chini ya barabara, nyumba moja na mama yake. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na ilikuwa miaka miwili yuko kwenye foleni ya kupasuliwa. Alikuwa akiona ukungu tu, na sufuria alizijua kwa mlio. Daktari alisema presha ya jicho la kulia inapanda, na likicheleweshwa halitarudi. Hospitali ilipasua watu ishirini kwa wiki. Kila Ijumaa Mama alikuwa wa tisa. Kila Jumatatu alikuwa wa ishirini na tisa. Fundi alikuwa akidhani ni wagonjwa wa dharura wanaopitishwa mbele, au ni mkosi tu wa nyumba yao. Mstari wenyewe aliupita mara nyingi akifanya kazi zake nyingine, lakini mtaa ulikuwa umeandikwa kwa namba, sifuri saba, na nani angejua kwamba sifuri saba ni yeye.

Akaufuta palepale. Kwa utaratibu wa ofisi, hakuna badiliko lililokwenda hospitalini bila muhuri wa Bosi, kwa hiyo akalituma kwa Bosi. Wakati anausubiri muhuri alishughulika na rangi, maana tiketi ni tiketi.

Alihakikisha jina la mandhari limeandikwa sawasawa. Alikizima kihariri akakiwasha. Alifungua faili la mipangilio akalisoma neno kwa neno, akatafuta mkato uliosahaulika au mabano yasiyofungwa, asione kitu. Alizima viendelezi vyote, vile vijiprogramu vya ziada, kimoja kimoja. Aliweka mandhari nyeusi, kisha ya kijivu, kisha ile ya buluu ambayo Jirani aliipenda zamani kabla ya Safi. Kila alipobadilisha, skrini nzima ilitii isipokuwa mstari ule mmoja. Alikiuliza kihariri chenyewe maneno yale yana rangi gani, nacho kikajibu, nyeupe. Mwishowe akachomoa waya wa umeme. Skrini ikazima, ikawa nyeusi tii, na maneno ya Mzee Nukta yakabaki juu ya kioo, ya manjano, yanasomeka vizuri kuliko mwanzo.

"Afadhali," alisema Jirani. "Umeme ukikatika hatutakosa mwanga."

Bosi alimwita kabla ya saa nne. Alikuwa mtu nadhifu, na mezani pake hapakuwa na kitu ila muhuri.

"Fundi, tiketi inasema nini?"

"Inasema rangi, Bosi."

"Basi shughulika na rangi. Hili la kufuta mistari liko nje ya tiketi."

"Nifungulie tiketi ya pili basi."

"Tiketi zinafunguliwa kukiwa na malalamiko. Foleni inakwenda vizuri. Watu wa mlimani hawajalalamika hata siku moja."

"Wa bondeni wanalalamika kila wiki, Bosi. Malalamiko yao yanapangwa na mstari huo huo."

Bosi aliutazama muhuri wake kana kwamba ndio ulioongea. "Mimi niliuliza kuhusu rangi," alisema. "Nataka kuona hapo pameandikwa 'Imetatuliwa.'"

"Haijatatuliwa," alisema Fundi, akarudi mezani kwake akaufuta mstari mara ya pili. Jioni, kwa kukosa muhuri wa Bosi, ulikuwa umerudi.

Kufikia Jumatano maelezo yalikuwa yametoka kwenye mashine ya Jirani yakaenda kwenye mashine zote saba, na Alhamisi yakahamia ukutani, yale yale, kwa herufi za kihariri, urefu wa mlango mmoja hadi mwingine. Wafanyakazi walisogeza kabati la mafaili kidogo ili lisizibe neno "aufute." Bosi alimwita mpaka rangi. Mpaka rangi alipiga mkono mmoja wa nyeupe, akanywa maji, akapiga wa pili. Maneno yalipanda juu ya rangi mbichi bila hata kuichafua.

"Rangi yangu haina kasoro," mpaka rangi alisema akikunja ngazi yake. "Hayo maneno ndiyo makaidi."

Hapo Bosi alipata wazo, na lilikuwa wazo lile lile la siku zote. Kama nyeupe juu ya nyeupe haionekani, basi ukuta nao upakwe manjano. Mpaka rangi alikuja na yai kutoka kwake, akalivunjia kwenye kisosi, akachanganya ndoo mbili mpaka vikafanana kabisa. Ijumaa mchana ukuta mzima ulikuwa wa manjano kuanzia sakafuni hadi darini, na juu yake maneno ya manjano yalikuwa yanasomeka mtu akiwa ng'ambo ya barabara. Bosi alisimama akayatazama muda mrefu. Kisha akaomba ankara ya ndoo mbili iletwe ofisini kwake, akafunga mlango.

Jumatatu iliyofuata Mama alipanda ngazi mia na kumi akiwa ameshika mkono wa Fundi, kama alivyofanya kila Jumatatu, aende hospitalini kuuliza nafasi yake. Hospitali ilikuwa jengo la pili kutoka ofisini. Dirisha la kuulizia lilikuwa bado limefungwa, kwa hiyo Fundi alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, chenye mto. Mama alivua kitambaa cha kichwa, akajifuta jasho, akageuza uso ukutani.

"Nani kaandika hapa?" aliuliza.

Fundi alimgeukia. Kitu cha mwisho Mama alichosoma kilikuwa pakiti ya sabuni, miaka miwili nyuma.

Mama aliinuka akasogea, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayepita njia aliyoizoea zamani. Alisoma mpaka mwisho. "Na kamaliza kwa nukta," alisema. "Huyu mtu alilelewa." Akairudia sentensi ya kwanza. "Kwa hiyo si mkosi."

"Si mkosi, Mama. Ni mstari."

"Miaka yote hii nilikuwa najilaumu. Nilidhani kuna mtu nilimkosea." Aligusa neno "bondeni" kwa kidole, akakitazama kidole, kilikuwa kikavu. "Na wewe unafanya kazi hapa."

"Nafanya kazi hapa."

Mama alikifuta kidole kile kikavu kwenye kitambaa chake, na Fundi aliona heri angempiga kofi.

"Umeufuta?" Mama aliuliza mwishowe.

"Mara sita."

"Haya, futa ya saba. Mimi nakusubiri hapahapa, sina haraka. Wamenizoesha."

Habari zilishuka bondeni zenyewe, hazikuhitaji mtu wa kuzibeba. Kufikia mwisho wa mwezi wagonjwa wote wa macho wa bondeni walikuwa wakipanda ngazi, wameshikana mabega, kuja kutazama ukuta, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine duniani walichokuwa wakikiona. Walijipanga mstari mmoja mlangoni, wenyewe kwa wenyewe, na aliyefika kwanza alitazama kwanza. Bibi mmoja alisema ile ndiyo foleni ya kwanza iliyosonga mbele tangu aanze kuugua. Kila Jumatatu saa mbili na dakika kumi walisoma kwa pamoja, kwa sauti, kutoka neno la kwanza hadi nukta. Bosi aliwatuma watu kuwaomba wasome taratibu. Walisoma taratibu, yaani kwa mwendo wa polepole, na sauti ikawa ile ile.

Ofisi ilizoea. Mabenchi mawili yaliwekwa. Wageni walipokuja, Bosi aliwaonyesha ukuta akawaeleza kwamba kampuni inathamini mazingira yenye rangi changamfu, nao walipiga picha mbele yake wakicheka, wengine wakiwa wameyaegemea maneno "kila Jumatatu." Ilikuja barua ya pongezi, ikatundikwa kwenye fremu mahali palipokuwa wazi. Katika tiketi Bosi aliandika kwa mkono wake: "Rangi imekubaliwa kama ilivyo." Palikuwa bado na kitufe kimoja cha kubonyeza ili tiketi ifungwe, na kitufe hicho kilikuwa cha Fundi. Aliambiwa akibonyeze kwa upole, kwa barua, na mara moja mbele ya mwanasheria. Hakukibonyeza. Barua ya onyo aliifanya kitako cha kikombe cha chai.

Mstari wa mia tatu na kumi na mbili ulibaki kazini. Fundi aliufuta kila siku ya kazi, na kila jioni ulirudishwa. Mama alikuwa wa tisa, akawa wa ishirini na tisa. Mwezi wa saba jicho la kulia lilizimika. Daktari aliandika kwamba mgonjwa alichelewa kufika.

Jumatatu ile Mama alipanda ngazi kama kawaida. Mbele ya ukuta alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, ajaribu, akasoma yote kwa lile lililokufa. Halikuruka neno. Fundi alimwona, na hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto, hasira safi isiyo na machozi. Akakaa mezani. Akaufuta mstari, mara ya mia na kumi. Lakini safari hii hakuishia hapo. Chini ya maelezo ya Mzee Nukta akaandika ya kwake: "Nimesoma. Nimefuta mara mia na kumi. Mama yangu ni wa ishirini na tisa, na jicho moja limekwenda. Kesho nitafuta tena." Akaweka nukta.

Mandhari ilikuwa Safi, na maneno yakapotea kwenye weupe kadiri alivyoyaandika. Saa mbili na dakika kumi mstari ulifanya kazi yake hospitalini, na huko mlimani mtu fulani akasogea mbele. Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi walianza kusoma. Walipofika kwenye nukta ya Mzee hawakunyamaza, waliendelea.

Jirani hakuinua kichwa. "Ya kwako yametoka?" aliuliza.

Fundi aligeuka. Yalikuwa yametoka, ukutani, chini ya yale ya kwanza, rangi ya kiini cha yai. Jirani aliivuta kibodi yake karibu akaanza kuandika kitu.

Mama alikuwa amesogea hadi pua yake ikakaribia kugusa ukuta. Alisoma sentensi za mwanawe moja moja, akarudia ile ya jicho, akatikisa kichwa.

"Herufi zako ndogo," alisema. "Hao wa mlimani watazionaje?"

Fundi akafungua mipangilio, akaongeza ukubwa wa herufi.