Mama wa Ziwa

Siku mbili juu ya barafu ya ziwa lililoganda mgeni wangu Garth alikodolea macho mashine yake ya kutafutia samaki, asipate kitu. Shangazi Alphonsine, aliyekuja kutuchemshia chai tu, akalala kifudifudi, akajifunika blanketi kichwani kuzuia mwanga, akachungulia majini kupitia tundu tulilotoboa kuvulia.

"Anakuja," alisema. "Mgeni, shika mshipi."

Garth akavuta samaki, trauti mrefu kama mguu wake. Akamlaza barafuni, akaanza kutafuta simu ampige picha.

Nikamfokea. "Macho ya samaki yataganda. Mrudishe upesi. Sisi Wadene, wenyeji wa ziwa hili, mkubwa hivi hatumli, ndiye anayetuzalia wengine."

Akamrudisha, picha hana. "Nyumbani nani ataniamini, mama?"

Shangazi akammiminia chai. "Walete mwakani wamwone wenyewe. Yeye hahami."