Pumzi ya Pikapu ya Carlis Estep

Jumatatu ya pili ya Oktoba, saa mbili asubuhi, Delmer Ratliff alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi katika pikapu ya marehemu Carlis Estep, akakifuta kwa kitambaa cheupe, kisha akakinusa kitambaa. Injini ilikuwa inaunguruma na breki ya mkono imevutwa, kwa kuwa mafuta ya giaboksi ya otomatiki hupimwa yakiwa ya moto na injini ikizunguka. Anayeyapima injini ikiwa imezimwa husoma uongo. Mafuta mazima huwa mekundu kama sharubati. Yakiwa ya kahawia na kunuka mkate ulioungua, klachi za ndani zimekwisha. Haya yalikuwa meusi tititi, na hayakunuka kuungua. Yalinuka mgodi.

"Kuna nini?" aliuliza Junior Cantrell. Junior ana miaka sitini na sita, na tangu mgodi ufungwe hushinda gerejini kwa Delmer, kwenye kiti kilichotolewa katika basi bovu la shule.

"Makaa."

"Ndani ya giaboksi?"

"Ndani ya giaboksi."

Junior alipuliza kahawa yake. "Basi giaboksi haina kosa."

Delmer naye alifikiri hivyo. Wiki moja kabla, fundi wa mjini alikuwa amemwambia Oneda, mjane wa Carlis, kwamba pikapu ya mwaka 1979 haina maisha tena, na kwamba giaboksi itolewe itupwe. Hakuwa amefungua hata boneti. Delmer amekuwa fundi kwa miaka thelathini na minane na hajawahi kuhukumu giaboksi kabla ya kuisikiliza injini. Katika magari ya umri ule kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye injini kwenda kwenye giaboksi. Giaboksi huvuta pumzi ya injini kupitia mpira huo, na kwa pumzi hiyo hujua mzigo ni mzito au mwepesi, ibadilishe gia sasa au ingoje. Injini isiyopumua vizuri huidanganya giaboksi. Watu huona gia inateleza, wakalaumu gia.

"Nieleze inavyofanya, shemeji," alimwambia Oneda, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake mkononi. "Usiruke kitu."

"Asubuhi nikiitia gia inakaa kwanza, kama mtu anayetafuta miwani. Halafu inakwenda. Tambarare haina neno. Mlimani inafika gia ya pili, ya tatu haiji. Inakohoa, inatema, inasimama."

"Inatema nini?"

"Nyeusi. Nimeweka kopo chini ya ekzosi. Na usiku naiegesha pale mteremkoni nyuma ya nyumba, pua juu. Nikiilaza tambarare, asubuhi haiwaki."

"Carlis naye alikuwa akilala ameketi," alisema Junior.

"Miaka sita," alisema Oneda. "Kwenye kile kiti chake cha mbele ya televisheni."

Delmer aliufunga mshale wa kupima mvuto wa hewa. Injini nzima huushikilia mshale kwenye kumi na nane, ukatulia. Mshale wa pikapu ile ulipanda mpaka kumi na mbili, ukaanguka mpaka saba, ukapanda tena. Alitazama saa. Ulipanda na kushuka mara ishirini na nane kwa dakika. Aliukagua mpira mwembamba kote, akaumwagia maji ya sabuni aone kama pana mapovu. Ulikuwa mzima. Alitoa plagi zote nane, akapima mgandamizo silinda moja moja. Tano zilikuwa sawa kwa umri wake na tatu zilikuwa dhaifu, zote tatu za upande wa kulia, upande ambao picha za hospitali za Carlis zilionyesha kivuli kikubwa zaidi. Mwishowe alichukua kile kipimo cha masikio ambacho mafundi hutumia kutafuta beringi mbovu, akaweka ncha yake juu ya injini. Alisikiliza muda mrefu.

"Ni yeye," alisema. "Hata kile kimluzi cha mwisho wa pumzi kipo."

"Mimi nilijua tangu Agosti," alisema Oneda. "Sikukuletea uniambie ni nani. Nimekuletea uandike."

Kikao cha shauri lake kilikuwa Alhamisi. Kilikuwa cha tatu, na sheria haikuruhusu cha nne. Carlis alichimba makaa miaka thelathini na mmoja, na Oneda alikuwa anaomba serikali itamke kwamba vumbi la mgodi, yaani ugonjwa wa mapafu meusi, ndilo lililomuua, apate mafao ya mjane. Asipoyapata, nyumba ingeuzwa kabla ya theluji, naye angehamia Ohio akalale kwenye chumba cha kushonea cha dada yake, ambaye alikuwa hapatani naye. Katika vikao viwili vya mwanzo alishindwa kwa sababu ya karatasi moja ya daktari wa kampuni ya mgodi. Ilisema moyo, na ilisema sigara.

Ilisema pia jambo la tatu, na kwa hilo watu wa bondeni hawakuweza kumlaumu daktari. Siku ya kupimwa, Carlis alinyoa ndevu na kuvaa shati lake la kanisani. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili bila kupumzika, akajifungia chooni robo saa mpaka midomo ikarudi rangi yake, akafungulia bomba ili wasimsikie. Daktari alipomuuliza anajisikiaje, alijibu, "Sina la kulalamika, daktari. Wewe je?" Daktari akaandika: mgonjwa hana malalamiko. Hakuna mwanamume wa bonde lile ambaye angejibu vingine. Mwaka jana Delmer mwenyewe alivunjika mbavu mbili akawaambia manesi kwamba amepita tu kuwasalimia.

"Mngezikwa wazima mngesema jeneza lina nafasi," Oneda alikuwa akisema.

Delmer alifungua sampo ya giaboksi, ile trei ya mafuta iliyo chini yake. Chini ya chujio, pale penye sumaku inayokamata unga wa chuma, palikuwa na vumbi la makaa nusu kikombe, laini kama poda. Alilitia kwenye chupa ya jamu, akaosha sampo, akaweka chujio jipya na mafuta mekundu. Jumanne aliifungua tena. Vumbi lilikuwa limerudi, nusu kikombe. Jumatano vivyo hivyo. Kwenye kadi ya kazi aliandika kwa herufi kubwa: MAPAFU MEUSI, YAMEFIKA MBALI. GIABOKSI NZIMA. Akatia sahihi na tarehe.

Kikao kilifanyika katika jengo la zimamoto la wanakijiji, kwa kuwa paa la mahakama ya kaunti lilikuwa linavuja. Magari ya zimamoto yalitolewa nje, pikapu ikaingizwa ndani, viti vya kukunja vikapangwa. Kina mama wa kanisani walileta maharage na mkate wa mahindi, wakaviweka juu ya meza iliyofunikwa gazeti. Hakimu alikuwa Bi. Rosalind Thayer, mama mwembamba mwenye koti la kijivu, aliyekuwa ameendesha gari la kukodi mwendo wa saa nne kutoka mjini. Alikuwa na macho ya mtu aliyesikiliza mashauri kumi na moja wiki ile.

Wakili wa kampuni hakupinga pikapu kutoa ushahidi. Aliomba tu iandikwe kwamba haikuapishwa, kwa kuwa haina mkono wa kuinua.

"Iandikwe," alisema hakimu. "Bwana Ratliff, iwashe."

Delmer alipoizunguka ndipo alipoona. Oneda alikuwa ameiosha. Alikuwa ameipaka nta mpaka kwenye ringi, na kikadi cha manukato kilining'inia kwenye kioo.

"Shemeji," alimnong'oneza, "umefanya nini?"

"Nisingeweza kuileta mbele ya hakimu ikiwa chafu, Delmer. Watu wangesema nini?"

Aliiwasha. Iliwaka kwa mguso mmoja. Aliufunga mshale, nao ukapanda mpaka kumi na nane, ukatulia kama uliopigwa msumari. Hakimu alisogea akautazama. Delmer aliitia gia ya nyuma, ikashika papo hapo. Akaitia ya mbele, ikashika papo hapo. Ekzosi ilitoa moshi mweupe kidogo, wa adabu.

"Huwa hivi siku zote?" aliuliza hakimu.

"Hapana, Mheshimiwa. Huwa hivi mbele ya watu waliovaa tai."

Kina mama walicheka nyuma. Wakili naye alitabasamu. "Kwa umri wake," alisema, "ina afya kuliko mimi."

Delmer alizitoa chupa tatu za jamu akazipanga mezani. Hakimu alifungua moja, akatia kidole, akakitazama. Wakili alisema kwamba hakuna aliyewahi kukana kuwa kaunti ile ina makaa.

Hapo Delmer aliinama kwenye boneti kama anayekaza nati. "Carlis," alisema chini chini, "kohoa. Mara moja tu, bwana wewe. Mara moja, tukale maharage."

Injini ikazidi kuwa laini.

Oneda aliinuka kitini. Alikwenda mpaka kwenye gari akalipiga kofi ubavuni, mlio ukajaa jengo zima. "Carlis Estep! Nyumba inaondoka na wewe umesimama hapo unajifanya bwana harusi! Waambie!"

Pikapu iliendelea kuunguruma kwa utulivu, kama mtu aliyeulizwa hali yake na mgeni. Wazee watatu waliokuwa safu ya mbele, wote wachimbaji wastaafu, waliinamisha vichwa. Walikuwa wanaielewa. Mmoja alikuwa amejibana kikohozi tangu saa saba.

Hakimu alingoja dakika ishirini, muda mrefu kuliko alivyolazimika. Kisha akaandika kwamba gari limepimwa mbele yake na linapumua vizuri, akafunga jalada. Ilikuwa saa nane na robo.

Delmer alirudi na Oneda kwenye pikapu. Kutoka jengo la zimamoto barabara ni tambarare maili mbili, halafu kunaanza mlima wa Wolfpen, njia moja tu, ukingo wa mwamba upande huu na korongo upande ule. Walipofika nusu ya mlima gia ya tatu ilikataa. Ya pili ikateleza. Pikapu ilikohoa mara moja, kavu, kisha ikaanza hasa. Ilikohoa mpaka milango ikatetemeka na kioo cha pembeni kikalegea. Ilitema nyeusi kwenye lami, ikavuta pumzi kwa ule mluzi, ikakohoa tena. Delmer aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akasimama kando.

Nyuma yao lilisimama basi dogo la kanisa, na nyuma ya basi lori la magogo. Wa nne katika foleni alikuwa hakimu. Hakuna aliyepiga honi. Dereva wa magogo alizima injini yake ili isishindane nayo kwa sauti, akavua kofia.

Hakimu alishuka akapanda mlima kwa miguu, viatu vyake vikiteleza kwenye majani makavu. Aliweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo. Kilipanda na kushuka.

"Naisikia," alisema.

"Basi?" alisema Oneda.

"Jalada nimelifunga saa nane na robo, Bi. Estep."

"Sasa ni saa tisa kasoro kumi."

"Ndiyo."

"Ni hii hii. Ni yeye yule yule."

"Sikatai," alisema hakimu. Alitoa leso akajifuta kiganja, nayo leso ikawa nyeusi. "Huchukua muda gani?"

"Kama dakika kumi," alisema Delmer. "Siku za baridi huzidi."

Hakimu alisimama karibu nao mpaka kikohozi kilipokwisha, mikono ameikunja mbele. Kisha alimsaidia Delmer kuondoa mawe.

Uamuzi ulifika kwa posta wiki iliyofuata, kurasa nne zilizopigwa chapa vizuri. Katika ukurasa wa tatu hakimu alieleza kwamba, baada ya kikao, gari lilikohoa kwa dakika kumi na moja kwenye mlima wa Wolfpen, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo na anathibitisha. Katika ukurasa wa nne alilikataa ombi.

Oneda alisoma kurasa zote akiwa amesimama gerejini. Kisha alizikunja, akazitia kwenye mkoba, akamuuliza Delmer kama ana maboksi yasiyotumika.