Ngozi ya Chini ya Kidevu

Kuna watu hawawezi kupita kwenye ukuta wenye rangi iliyobanduka bila kuuchokonoa. Mama Pacha yeye ugonjwa wake ulikuwa ngozi iliyoungua na jua. Akiona shingo imebabuka, vidole vinamwasha. Wala hakuona haya. Aliwahi kusema mbele za wageni kwamba hakuna raha kama kushika ncha ya ngozi iliyokufa, kuivuta taratibu, na kuiona inakuja nzima bila kukatika. Wageni wakacheka, na mumewe akacheka kuwashinda, maana siku zile hakuwa na cha kuficha.

Jioni hii hakucheka.

"Baba Pacha, njoo ukae kabla mwanga haujaisha," mkewe aliita kutoka chumba cha cherehani. "Nimekuona toka juzi unajikuna kisogo kama mbuzi. Njoo."

Angekataa vipi? Miaka yote ya ndoa yao hajawahi kukataa. Alipokuwa fundi wa mapaa, alirudi kila siku ameiva kama tofali, na kila jioni alikalia kigoda kile kile karibu na dirisha, mkewe nyuma yake, wanapiga soga huku ngozi ikiambuka. Mtu akiacha ghafla jambo analolipenda, lazima aulizwe kulikoni. Basi akaingia, akakaa, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Kidevu ndicho alichokuwa akikificha.

Mafundi wenzake walimpachika jina la Kipanga, kwa jinsi alivyotua juu ya kenchi, mbao za kubeba paa, bila kuyumba. Lakini Kipanga alikuwa ameshushwa chini. Shemeji yake, kaka wa Mama Pacha, alianguka kutoka kwenye paa walilokuwa wakiliezeka pamoja. Kipanga alinyoosha mkono akashika hewa. Baada ya msiba, mkewe alimsimamisha mbele ya mama mkwe akamlisha kiapo kwamba hatapanda tena. Halafu akaongeza lake, kwa sauti ya chini ambayo Kipanga bado aliisikia usingizini. Alisema, "Siku nikijua umepanda, nawachukua wanangu naenda kwa mama. Sitauliza na sitarudi. Mimi sitaki kuwa kama mjane wa kaka yangu, kuzika upya kila nikiamka."

Akatafutiwa kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huko alipima misumari, akavaa aproni ya kijani, akawaelekeza wateja kwenye rafu ya makomeo. Alijikaza kisabuni. Lakini kila gari lililotoka pale limebeba mabati lilimwacha amesimama mlangoni, shingo juu, kama mtoto aliyeachwa na basi la shule. Mwanzoni mwa mwezi huu nyapara mmoja alikuja kununua misumari ya bati, akamwambia kuna ghala kubwa linaezekwa upande wa pili wa mji na mafundi wake hawajui kupanga mistari ya mabati. Kipanga aliacha kazi ya duka siku hiyo hiyo. Kila asubuhi alitoka nyumbani na aproni yake ya kijani, akaikunja nyuma ya rundo la kokoto, akapanda.

"Tulia," mkewe alisema. "Unatikisika."

"Mikono yako ya baridi."

"Mikono yangu leo ndiyo imekuwa ya baridi?"

Alikuwa ametandika kipande cha kitambaa cheusi juu ya goti, mabaki ya sare aliyokuwa akishona, ili aione vizuri kila ngozi atakayoitoa. Alilowanisha pamba, akapitisha kwenye shingo ya nyuma, akatafuta ncha kwa ukucha. Akaipata. Kipanga alisikia ule mvuto mdogo, kisha ubaridi wa ngozi mpya ikipata hewa. Utamu wake hausemeki, hata kwa mtu aliyekalia kuti kavu. Macho yalitaka kufumba yenyewe.

"Eee! Tazama hii!" mkewe alisema. Alikuwa ameishika juu, kipande kirefu, kinang'aa dirishani. "Nzima! Haijakatika hata kidogo. Nilikuwa nimekumisi, wewe ngozi." Akailaza juu ya kitambaa kama anayelaza lesi ya bei mbaya. "Hivi duka lenu siku hizi halina paa?"

Swali hilo alikuwa amelitayarishia jibu tangu juzi. "Saruji imeingia nyingi. Tunashusha nje mchana kutwa. Sisi wanyonge, bosi yuko kwenye feni."

"Poleni."

Akaendelea. Shingo ya nyuma ikaisha, akahamia masikio. Kipanga akaanza kupumua. Jua la kushusha saruji linaunguza kisogo, linaunguza masikio, linaunguza pua. Hayo yote yalikuwa na maelezo. Lakini bati jipya lina tabia yake. Linalichukua jua na kulirudisha juu, na fundi anayeinama kulipigilia anaungua mahali ambapo jua la mbinguni halifiki: chini ya kidevu, chini ya pua, upande wa ndani wa mikono. Asubuhi ile aliona kwenye kioo cha kinyozi kwamba chini ya kidevu pameanza kubabuka. Alijaribu kuiondoa ngozi ile kwa kucha akaharibu zaidi. Sasa ndevu za siku chache ndizo zilizokuwa zikimsitiri, na zilikuwa chache kweli.

"Inua uso."

"Basi inatosha, mama. Nasikia njaa."

"Chakula hakijaiva. Inua uso, hapa kwenye taya kuna ncha imenikonyeza."

"Shingo inaniuma."

"Baba Pacha." Mkewe alikuja mbele, akachuchumaa, akamtazama kwa kicheko. "Una nini leo? Unajificha kama bi harusi."

Akamshika kidevu kwa vidole viwili, akakiinua.

Kutoka uani zilisikika sauti za pacha wakigombea mpira. Kipanga alitazama dari. Alisikia kidole kikipita chini ya kidevu mara moja, kikarudi, kikasimama. Kicheko kilikuwa kimeshaondoka, Kipanga alijua bila kumwangalia, kwa jinsi pumzi yake ilivyobadilika.

Halafu akaanza kubandua.

Alibandua polepole kuliko alivyowahi kubandua. Ngozi ya pale ni nyembamba, inakatika ovyo, lakini yeye aliifuata milimita kwa milimita, akaizungusha kwenye ndevu, akaishusha mpaka karibu na koromeo. Kipanga alitamani ikatike. Alitamani apige kelele, atoe matusi, chochote. Hakuthubutu hata kumeza mate.

"Kaka alikuwa anaungua hapa," mkewe alisema mwishowe. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha. "Nikiwa msichana, kabla hujanioa. Mama alimwambia jua gani hili linalopiga kutoka chini. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbandua. Nilijifunzia kwake."

Hilo Kipanga hakuwa akilijua. Alidhani raha ile ilianzia kwake.

"Mama Pacha..."

"Nyamaza. Vua shati."

Akavua, amekuwa mdogo kama kidonge cha piritoni. Mkewe alimgeuza kwenye mwanga. Hakutazama mgongo, hakutazama mikono iliyobabuka upande wa ndani. Aliinama akakagua kiuno, akakizunguka chote, akavuta ukingo wa suruali, akapapasa juu ya nyonga moja na nyingine. Kipanga hakuelewa anatafuta nini. Kiunoni hakukuwa na kitu, ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto.

"Iko wapi alama?"

"Alama ya nini?"

"Ya mkanda! Fundi anayejifunga mkanda na kamba asianguke paani anachubuka hapa na hapa. Usinifanye mjinga, nimezaliwa tumbo moja na fundi, nimeolewa na fundi. Iko wapi?"

Uongo wote aliokuwa ameutayarisha ulikuwa wa kisogo. Wa kiuno hakuwa nao.

"Mkanda unachelewesha kazi," alisema.

Mkewe alifumba macho. Maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, kaka yake aliyasema asubuhi ya siku aliyoanguka, akicheka mlangoni. Mkewe akasimama, akaenda kwenye sanduku la vitambaa. Kipanga akajua yameisha. Sanduku lile ndilo lililokuwa na nguo za watoto za kusafiria.

"Nisikilize," alisema. "Sikupanda kwa dharau. Dukani nilikuwa sipumui. Nilikuwa narudi hapa nimekufa, unanisalimia na mimi naitikia, lakini nimekufa. Nimekosa. Usiwachukue wanangu."

Mkewe alikuwa akitupa vitambaa sakafuni. Kutoka chini kabisa akatoa mkanda wa kazi, mpana, na kulabu zake za chuma, mpya. Kipanga aliutambua: ulikuwa wa shemeji yake, aliyeanguka bila kuuvaa. Siku ile waliukuta ukining'inia kwenye msumari, chini, mahali mwenyewe alipouacha. Hakujua nani aliuchukua.

Mama Pacha aliuzungusha kwenye kiuno cha mumewe kilichokuwa wazi. Akapitisha ulimi wa mkanda kwenye chuma, akavuta kwa nguvu zote mpaka Kipanga akaguna.

"Umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Simama wima." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Kila jioni utakalia kigoda hiki, na mimi nitaanza na kiuno. Siku nitakayokosa alama, utakuta nyumba tupu."

Kesho yake Kipanga alirudi jua likiwa bado juu, bila aproni. Pacha walimkimbilia, naye akawapita akiwapapasa vichwa, akaingia moja kwa moja chumba cha cherehani. Mkewe alisimamisha mashine. Kitambaa cheusi kilikuwa tayari gotini, pamba imeshalowanishwa, lakini mikono yake aliikalia kwanza.

Kipanga alimgeuzia ubavu, akapandisha shati mwenyewe.

Juu ya nyonga, pande zote mbili, ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu, inalia maji. Mama Pacha akaibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka mumewe akaruka.

"Inauma?"

"Inauma sana."

"Vizuri," alisema. Akamvuta akae, akamwinua kidevu, akaanza kutafuta ncha.